Shajara ya mradi wa maktaba: mkonge, mamba na swali la "umeitoa wapi?"

Shule yetu ni ya kata, mkoani Tanga, na mashamba ya mkonge yanaanzia nyuma ya uwanja wa mpira. Shajara hii ni ya mradi wa mwaka mmoja uliokubaliwa kwenye kikao cha walimu: kuifungua upya maktaba, kisha kuitumia kuwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu kufanya utafiti mdogo kwa uadilifu. Waulize swali, watafute majibu, na kila jibu waseme limetoka wapi. Mada ni moja kwa wote, mkonge. Niliichagua kwa sababu kila mtoto wa hapa anaamini ameshaujua. Naandika nikiwafikiria walimu wenzangu waliokabidhiwa funguo za maktaba juu ya mzigo wao wa vipindi.

Januari

Chumba kilikuwa stoo. Meza zilizovunjika miguu, karatasi za mitihani ya zamani, katoni za vitabu vya msaada ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua. Mchwa walishajenga njia ukutani hadi rafu ya pili. Tulitoa kila kitu juani, fundi akapaka miguu ya rafu oili chafu, na kwa siku kadhaa maktaba ikanuka kama gereji.

Kuchambua vitabu ndiko kulikotuchosha. Vya kiada vipo tele, nakala nyingi za kitabu kilekile. Vya ziada ni vichache na vimechakaa kwa sababu vinasomwa. Vya msaada ni vipya kabisa kwa sababu havisomwi na mtu: mwongozo wa Windows 95, kitabu cha kodi za jimbo moja la Marekani, kamusi ya Kidachi. Wanafunzi wa klabu ya maktaba walisita kuviondoa. "Mwalimu, si vitabu hivi?" Ni vitabu, lakini mtoto anayekutana kila siku na rafu ya vitu visivyomhusu hujifunza haraka kwamba chumba chenyewe hakimhusu. Viliondoka kwa kibali cha mkuu wa shule na kwa kuandikwa kwenye daftari la usajili, maana mali ya shule haitupwi kienyeji.

Kupanga, tunafuata mfumo wa Dewey wa mwaka 1876, ila kwa makundi makubwa tu: 400 lugha, 500 sayansi, 600 teknolojia, 900 historia na jiografia. Tumeongeza namba mbili za ndani zaidi kwa mahitaji yetu, 630 ya kilimo na 967.8 ya Tanzania. Niliwauliza wanaklabu mkonge utakaa rafu gani. Mmoja akasema kilimo. Mwingine historia, kwa kuwa uliletwa na Wajerumani. Wa tatu akasema ni mmea, basi ukae na mimea kwenye 580. Walibishana hadi kengele ya mwisho, na sikuwaamua. Jambo moja likiwa limetawanyika rafu tatu, atakayelitafuta itabidi aende kote kutatu.

Februari

Zoezi la kupima hali: kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kuhusu historia ya mkonge Tanga. Sikuwapa maelekezo mengine.

Kazi zilizorudi zilifanana kama sare. Wengi walinakili kitabu kimoja cha Jiografia, na waliokikosa walimnakili jirani. Kazi moja niliisoma mara mbili: katikati ya aya kuna sentensi ya Kiingereza inayomwelekeza msomaji atazame ramani iliyo ukurasa unaofuata. Ramani haipo. Hata ukurasa unaofuata haupo.

Ofisini maoni yaligawanyika. Mwalimu mmoja alishauri wapewe sifuri wote ili iwe fundisho. Mimi sikubaliani. Niliwaita wachache nikawauliza kwa nini hawakuandika kwa maneno yao, na binti mmoja wa Kidato cha Pili akajibu bila kuficha: "Mwalimu, nikiigusa ile sentensi inaharibika." Alikuwa na haki. Kitabu ni cha Kiingereza, yeye anafikiri kwa Kiswahili, na nyumbani kuna Kisambaa au Kibondei. Sentensi aliyoikuta imekamilika, haina kosa la sarufi, na amezoea kukatwa alama kwa kosa la sarufi. Kunakili kwake ni kujihami. Ukimwita mwizi hujamfundisha chochote, atakwenda kutafuta njia ya kunakili isiyoonekana.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari za maadili, tulihitaji mbinu.

Machi

Mbinu ni hii. Daftari la utafiti linagawanywa kwa mstari wima. Upande wa kushoto, mwanafunzi anaandika chanzo kabla hajasoma hata neno moja: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, ukurasa. Kisha anasoma aya. Kisha anafunga kitabu, na anapofunga mimi lazima nisikie sauti ya majalada. Upande wa kulia anaandika kwa Kiswahili alichokielewa, kama anavyomweleza mdogo wake. Baadaye, kama ripoti ya somo lile inatakiwa kwa Kiingereza, anaandika kutoka kwenye Kiswahili chake, na kitabu kinabaki kimefungwa. Kiingereza kinachotoka kina makosa, na nimekubaliana na wenzangu kwamba kwenye ripoti hizi makosa hayo hayakatwi alama. Mwalimu wa Kiingereza alihitaji kubembelezwa.

Maneno ya mtu mwingine yanaruhusiwa kuingia yalivyo, lakini yafungwe alama za kunukuu na yaambatane na ukurasa. Hili waliliona jepesi mno, wengine wakaleta ripoti nzima ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Nikaweka kikomo cha sentensi mbili.

Mwaka wa kitabu nao umeleta vituko. Kikundi kimoja kiliandika kwamba nchi yetu inaongoza duniani kwa kuzalisha mkonge. Nikawaambia wafungue nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu watazame kilichapwa lini. Miaka ya sitini. Enzi hizo ilikuwa kweli: mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000, na hakuna nchi iliyotuzidi. Leo Brazili iko mbele na Tanzania inafuata. Kitabu hakikudanganya. Wao ndio waliokichukua "ni" cha miaka sitini iliyopita wakakipandikiza kwenye daftari la mwaka huu. Tangu siku hiyo sheria yetu ni kwamba namba isiyo na mwaka haipokelewi.

Intaneti tunayo kwa shida. Kuna vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022, bando ninanunua mwenyewe, na simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania imetusaidia kwa vitabu vya kiada visivyotosha, kwa kuwa kusoma humo ni bure. Kwa mengineyo wanakuja watatu watatu, na kila kikundi kinakuja na swali lililoandikwa. Asiye na swali hapewi kishikwambi. Inaonekana ni ukali, lakini bila hivyo dakika zote zinaishia kwenye video za mpira.

Aprili

Mwezi wa mamba.

Anayekulia Tanga ataisikia hadithi hii siku moja: Mjerumani aliyeleta mkonge aliiba miche huko Amerika akaificha ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, akavuka nayo bahari. Kikundi kimoja kiliiandika kwa ufasaha hadi rangi ya mamba ilitajwa. Nikauliza, umeitoa wapi? "Iko kila mahali, Mwalimu." Nikawapa kishikwambi wanioneshe hapo kila mahali.

Walipata kurasa kadhaa. Nikawaambia waziweke pamoja wazisome mstari kwa mstari. Mvulana mmoja ndiye aliyegundua: sentensi ni zilezile, na mahali fulani kuna neno limekosewa herufi, nalo limekosewa vilevile kwenye kurasa mbili tofauti. Akacheka peke yake. "Hawa nao wamenakiliana!" Sikuhitaji kuongeza kitu. Waliokuwa wakijiona ndio wanaofanyiwa upelelezi siku hiyo walikuwa wapelelezi.

Kisha tukaweka kando ya mamba yale yaliyoandikwa kuhusu mtu mwenyewe. Richard Hindorf alikuwa mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Alisoma habari za mkonge kwenye taarifa za bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Meksiko, ambako mmea unatoka na ambako bandari ya Sisal ilitoa jina lake la kigeni, haikutaka miche yake iende kwa washindani, kwa hiyo aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Binti yule wa "inaharibika" ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote ya mwezi ule: kama miche iliagizwa kwa kampuni ya biashara ikasafirishwa kwa meli hadi Hamburg, mamba alihitajika wa nini? Halafu miche elfu moja inaingiaje kwenye tumbo la mamba mmoja? Wakapiga hesabu ubaoni, wengine wakitetea kwamba labda mamba alikuwa mkubwa.

Sikuwaruhusu waifute hadithi. Watu wanaisimulia, na huko kusimuliwa nako ni jambo la kuchunguza. Walichobadilisha ni kitenzi. Mwanzo waliandika "alificha", sasa wameandika "inasimuliwa kwamba alificha", na chini yake sababu mbili za kuitilia shaka. Nimebandika ukutani karatasi ya vitenzi vya aina hiyo: inasimuliwa, inadaiwa, ameandika, amekadiria, tumeona wenyewe. Ukichagua kimojawapo unakuwa umeshasema ushahidi wako una uzito gani.

Mei

Kikundi kimoja kilileta vyanzo vilivyopangwa vizuri kuliko vyangu. Waandishi, majina ya vitabu, wachapishaji, miaka, hadi kurasa. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Nikawaambia waniletee kitabu cha kwanza. Hakipo kwetu. Tukakitafuta mtandaoni, hakipo. Cha pili hakipo. Cha tatu, mwandishi yupo kweli, ila hicho kitabu hajapata kukiandika.

Ilikuwa kazi ya akili unde, kwenye simu ya kaka wa mmoja wao. Kijana wala hakukana, alidhani ni njia nyingine ya kutafuta. Hilo ndilo lililonipa kazi, kwa sababu nusu ya darasa waliamini kwamba programu ile inakwenda kuvitazama vitabu mahali fulani kisha inarudi na jibu. Nikawaeleza kwamba inaunga maneno kwa kufuata mazoea ya maandishi mengi iliyofunzwa, na jina la kitabu nalo kwake ni maneno tu. Inaweza kutunga jina linaloelekea kuwa la kweli bila kujali kama kitabu kimewahi kuchapwa.

Sikuipiga marufuku. Nyumbani wataitumia, nipende nisipende. Tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, chanzo ambacho hujakishika mkononi au kukifungua kwa macho yako hukiandiki. La pili, ukiitumia akili unde kutafuta maswali au kurahisisha aya ngumu, sema hivyo kwenye ripoti, sentensi moja inatosha. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba tunawarudisha watoto nyuma kwenye karatasi. Nilimpa orodha ile ya vitabu nikamwomba aninunulie chochote kati ya hivyo. Tukaagana vizuri.

Juni

Vitabu vyetu vinasema mengi kuhusu tani na bei, lakini kuhusu waliokata mkonge vinasema kidogo. Maeneo ya Songea, Iringa na Kigoma, na Ruanda-Urundi ng'ambo ya mpaka, ndiko walikotoka manamba wengi, yaani vibarua wa mkataba. Kuanzia 1944 shirika la waajiri, SILABU, ndilo lililowakusanya na kuwasafirisha. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi ya siku 30 za kazi. Wajukuu wao wamo darasani mwangu. Kwa hiyo kabla ya likizo tukaenda kwa wazee.

Maandalizi yalichukua muda kuliko ziara. Nani anasalimia kwanza, nani anauliza, nani anaandika. Kurekodi ni baada ya ruhusa, na mwenyewe arudishiwe sauti aisikilize kabla hatujaondoka. Na swali la sukari: kwa desturi yetu huendi kwa mzee mikono mitupu. Mwanafunzi mmoja akauliza kama sukari si rushwa ya kumfanya mtu aseme tunachotaka. Tulikubaliana sukari na majani ya chai vitolewe mwishoni, mzee akiwa ameshasema au ameshakataa kusema.

Mzee wa kwanza alitupokea chini ya mwembe. Watoto wakaamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wao, mpaka wa mwisho. Kiongozi wa kikundi alimweleza kwa adabu kwamba jina lake halitaandikwa, ili kumlinda. Mzee akashangaa. "Mjukuu wangu, mnilinde na nani? Jina langu lisipokuwemo, watajuaje kwamba ni mimi niliyesema?" Akataka liandikwe kamili, na la baba yake. Limeandikwa kwenye ripoti, na hapa silirudii kwa kuwa ruhusa aliwapa wao.

Nyumba ya pili, bibi alikataa kata kata. Alitueleza jinsi wanawake wa kambini walivyoishi kwa kuuza pombe siku ya mshahara, na nani hakuwa akilipa madeni, kisha akasema, "Andikeni bibi mmoja, basi. Watoto wao wapo hapa hapa." Wanafunzi wakaona kwamba ruhusa haina fomula. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na nimewasomea kiini chake, lakini bibi yule aliwaeleza kwa mfano ulio hai, jirani zake wakipita njiani.

Kisha kazi ya tarehe. Mzee alisema baba yake aliletwa kutoka Songea "mwaka wa nzige". Kikundi kikakimbilia kitabu kutafuta nzige, kikakuta walikuja zaidi ya mara moja. Wakarudi kwenye rekodi. Mzee amesema pia baba yake alikuja "na SILABU, kwenye lori halafu treni". Kumbe! Kama ni SILABU, hakuja kabla ya 1944. Wameandika hivyo, na mwaka kamili wameuacha wazi. Nilimwona mmoja anataka kujaza 1945 ili ukurasa upendeze, wenzake wakamzuia kabla sijafungua mdomo.

Alipojisikiliza kwenye kishikwambi, mzee alijisahihisha mahali pamoja, jina la shamba alilichanganya na la jirani. Masahihisho yamo kwenye ripoti pamoja na kauli ya mwanzo.

Agosti

Safari ya Maktaba ya Mkoa, mjini. Wengi hawajawahi kuingia jengo lenye vitabu vingi kiasi kile, na walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Huduma hii ya maktaba za umma ni ya Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Watoto wa rika hili walidhani maktaba ni kitu kilichokuja na kompyuta.

Kikundi cha "kwa nini korona yetu ilifungwa" (korona ni kiwanda cha kusindika majani ya mkonge) ndicho kilichofaidi zaidi. Kilifika kikiwa na sababu moja, serikali kutaifisha mashamba mwaka 1967. Kikaondoka na nyingine mbili: kamba za plastiki ziliukamata soko la dunia, na bei ya singa za mkonge ikaanguka. Walitaka niwaambie ipi ni sahihi. Niliwarudisha kwenye miaka waliyoiandika, wapange kipi kilitangulia kipi.

Septemba

Ripoti zimekamilika na maonesho yamefanyika, meza zimepangwa kuzunguka kuta za maktaba. Tulimpa kila mgeni karatasi ndogo ya kuandika "umeitoa wapi?" kwa chochote atakachokitilia shaka. Ilipendwa kuliko soda.

Baba mmoja aliyewahi kufanya kazi korona alisimama muda mrefu mbele ya mchoro wa hatua za usindikaji. Wanafunzi waliweka brashi kabla ya kuanika. Akasema hapana: jani linapondwa na kuoshwa korona, singa zinaanikwa kwenye nyaya zikauke, ndipo zinakwenda brashi, ndipo marobota. Kiongozi wa kikundi alichukua kalamu akasahihisha mbele yake, na kando akaandika maelezo ya nani, siku gani. Hakuna aliyemwagiza. Nimetoa alama za nyongeza kwa mstari ule mmoja.

Si kila kikundi kimefika huko. Viwili vimeleta kazi ambayo bado inanukia kitabu, na kimoja kina vyanzo vingi ambavyo aya zenyewe hazivitumii. Hao wataendelea na zoezi la kufunga kitabu, ukurasa mmoja kwa wiki. Ripoti zilizopita zimegongwa muhuri, zimepewa namba ya usajili na ziko 967.8, zinaazimwa kama kitabu kingine chochote.

Kidato cha Pili sasa wanajiandaa kwa mtihani wa taifa wa Novemba, hivyo maktaba ni chumba cha kujisomea hadi hapo. Vioo viwili vya dirisha bado. Mada ya mwakani inabishaniwa: upande mmoja unataka reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911, upande wa pili unataka vita vya Tanga vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000 lililoshuka Ras Kasone liliposhindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu wapatao 1,000 chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, na nyuki wakaingilia kati. Tayari kuna mwanafunzi anayeapa kwamba Wajerumani waliwafundisha nyuki wale. Mimi kura yangu ni nyuki. Kikao cha klabu ni Ijumaa baada ya vipindi.